Majira manne ya Uholanzi ndiyo kalenda ya bei zetu

Na Mwandishi Wetu

LORI lenye chumba cha baridi likivuka Namanga usiku, kutoka Arusha kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, dereva wake huangalia mambo matatu: karatasi za forodha, kipimo cha ubaridi na saa. Jambo la nne halionekani mpakani, lakini ndilo huamua mzigo utauzwa kwa bei gani. Nalo ni hali ya hewa ya nchi ndogo iliyo zaidi ya kilomita 6,500 kaskazini mwa Nairobi.

Nchi hiyo ni Uholanzi. Sehemu kubwa ya mawaridi ya Kenya huingia Ulaya kupitia huko, ama kwa kupigwa mnada Aalsmeer, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, ama kwa kupita tu yakielekea Ujerumani na kwingineko. Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote Ulaya, hupokea makontena ya parachichi kutoka Mombasa. Maua ya Uganda na Rwanda, mishiri ya Kenya na Tanzania, pilipili na matoke vyote vina wanunuzi katika soko hilo.

Mfanyabiashara wa mpakani anayekusanya mazao kwa wakulima na kumpelekea msafirishaji anaweza kuwa hajawahi kuiona theluji. Hata hivyo, theluji hiyo inamgusa mfukoni. Simu ya "shusha bei, soko limelala" ikija Julai, au "ongeza maboksi haraka" ikija Januari, chanzo chake mara nyingi ni majira. Anayeyajua majira ya Wazungu wale hatashangazwa na simu hiyo, kwa kuwa ataitegemea miezi miwili kabla.

Jua ndilo linalohesabiwa, si mvua

Sisi wa Afrika Mashariki tunaugawa mwaka kwa mvua. Tunauliza kama masika yamefika au vuli zimekatika. Mwanga wa jua hatuuhesabu kwa sababu haubadiliki sana. Iwe Kisumu, Kigali au Mwanza, mchana una takriban saa 12 mwaka mzima.

Uholanzi hesabu ni nyingine. Nchi hiyo iko karibu na latitudo ya 52 kaskazini mwa ikweta. Dunia inapolizunguka jua ikiwa imeinama kwa karibu nyuzi 23.4, upande wa kaskazini huelekea jua katikati ya mwaka na kulikwepa mwishoni mwa mwaka. Matokeo yake, mjini Amsterdam, siku ndefu kuliko zote ya Juni hufikisha karibu saa 17 za mwanga. Jua huchomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Siku fupi kuliko zote ya Desemba haifikishi hata saa 8. Jua huchomoza karibu saa tatu kasoro asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshazama.

Mvua huko haina msimu. Hunyesha kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi, jumla yake ikiwa takriban milimita 800 kwa mwaka. Kampala hupata zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba mvua ya Kampala hushuka kwa kishindo kisha jua likatoka, wakati ya Uholanzi inaweza kuwa manyunyu ya kutwa nzima chini ya wingu la kijivu. Wenyeji hawaisubiri ipite. Huvaa koti la mvua, hupanda baiskeli na kwenda kazini.

Kwa latitudo yake, Uholanzi ingestahili kuwa na baridi kali zaidi. Kuna maeneo ya Canada yaliyo kwenye latitudo hiyohiyo ambako baridi ni kali mno. Kinachoiokoa ni bahari. Upepo mwingi huvuma kutoka magharibi, ukipita juu ya Atlantiki ambako mkondo wa maji ya uvuguvugu hupanda kutoka upande wa Ghuba ya Mexico, kisha juu ya Bahari ya Kaskazini. Maji hupoa polepole na kupata joto polepole, hivyo upepo huo hupunguza makali ya baridi na pia makali ya joto. Katika kituo cha De Bilt, makao ya idara ya hali ya hewa ya KNMI iliyoanzishwa mwaka 1854, wastani wa joto la Januari ni chini kidogo ya nyuzijoto 4, na wa Julai ni kama nyuzijoto 18.

Kwa maneno mengine, mwezi wao wa joto kuliko yote unakaribia siku ya kawaida ya Nairobi. Mwezi wao wa baridi unakaribia ubaridi wa ndani ya friji.

Maneno yetu yanaweza kutupoteza

Kabla ya kwenda mbele, tuangalie mtego mmoja wa lugha ambao unaweza kumgharimu mtu fedha.

Kiswahili kina majina mazuri ya majira, lakini yalizaliwa na pepo na mvua za kwetu. Kamusi zikitafuta neno la majira ya joto ya Ulaya huandika "kiangazi", na za majira ya baridi huandika "kipupwe". Mtu wa pwani akisikia kiangazi hufikiria Januari na Februari, joto la kabla ya masika. Wa Dodoma anaweza kufikiria ukavu wa katikati ya mwaka. Kipupwe kwetu ni Juni hadi Agosti, wakati Njombe na Kitulo hupata jalidi na watu wa Limuru hawavui masweta.

Uholanzi mambo ni kinyume. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yao ya joto. Desemba hadi Februari ndiyo ya baridi. Tuseme mnunuzi wa Rotterdam ameandika kuwa anataka mzigo mkubwa "mwanzoni mwa majira ya baridi", na karani wa Namanga akatafsiri "mwanzoni mwa kipupwe". Mkulima ataandaa mzigo wa Juni, wakati mnunuzi anautaka Desemba. Hakuna aliyedanganya hapo, lakini hasara ipo.

Dawa ni rahisi. Katika mkataba au ujumbe wa simu usiandike jina la majira. Andika mwezi na namba ya wiki. Wafanyabiashara wa Uholanzi wenyewe hupenda kuhesabu kwa wiki za mwaka, kuanzia wiki ya 1 hadi ya 52, na wiki ya 53 katika miaka michache. Ukisema "wiki ya 5", hakuna wa kukuelewa vibaya.

Desemba hadi Februari: baridi inayofungua soko

Majira ya baridi ya Uholanzi ni giza na unyevu kuliko theluji. Theluji huanguka, lakini mara nyingi haikai siku nyingi. Rekodi ya baridi kali kuliko zote ilipimwa Winterswijk, mashariki mwa nchi, tarehe 27 Januari 1942: nyuzijoto 27.4 chini ya sifuri. Siku za kawaida hazifiki huko, ila upepo wenye unyevu hupenya nguo.

Chakula nacho hubadilika. Watu hula supu nzito ya njegere kavu na nyama, na viazi vilivyopondwa pamoja na mboga za majani. Mkesha wa mwaka mpya hukaangwa mipira ya unga iitwayo oliebollen. Mswahili akiionja atasema ni ndugu wa kaimati, tofauti ni kwamba badala ya shira hunyunyiziwa sukari ya unga.

Mashambani hakuna maharage mabichi wala mboga laini. Ua la waridi haliwezi kukua nje. Ndani ya vitalu nyumba vya vioo, ambavyo vimeifunika wilaya ya Westland karibu na The Hague, mkulima lazima alipie joto na taa. Hapo ndipo ikweta inaposhinda. Naivasha, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina mchana wa saa 12 bure na usiku wa ubaridi wa kiasi, hali ambayo waridi huipenda. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya gesi Ulaya ilipanda kufikia viwango ambavyo havijawahi kuonekana. Baadhi ya wakulima wa Uholanzi walizima taa na kuacha vitalu vyao vitupu kwa msimu.

Kisha kuna tarehe. Siku ya Wapendanao ni 14 Februari, na Siku ya Wanawake Duniani, 8 Machi, hufuata wiki tatu baadaye ikiwa na wanunuzi wengi hasa wa Ulaya Mashariki. Kwa hiyo mahitaji ya mawaridi hupanda kipindi ambacho Ulaya yenyewe haiwezi kuyakuza bila gharama kubwa. Pale Aalsmeer, mshale wa saa ya mnada huanzia bei ya juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Mahitaji yakiwa makubwa, vidole huwahi na mshale haushuki mbali. Soko likilala, kila mtu hungoja, na mshale huendelea kushuka huku jasho la mkulima likishuka nao.

Mpinzani wa waridi katika miezi hiyo ni tulipu. Waholanzi huiotesha ndani ya vitalu kuanzia Desemba, na kuanzia Januari huwa tele sokoni. Ua hili lina siri yake: tunguu lake, linalofanana na kitunguu maji, lazima lipate wiki nyingi za baridi kwanza, la sivyo halichanui vizuri. Ndiyo maana si rahisi kwetu kulikuza kwa wingi. Waridi linapenda mwanga usiobadilika wa ikweta, tulipu inadai baridi ya kaskazini, na kila nchi inauza kile ambacho anga lake limeijalia.

Hatari ya miezi hii iko kwenye usafiri. Dhoruba za majira ya baridi hufunga viwanja vya ndege. Tarehe 18 Februari 2022, dhoruba iliyopewa jina la Eunice iliifanya KNMI itoe tahadhari nyekundu kwa mikoa ya pwani, na mamia ya safari za ndege za Schiphol yakafutwa. Aidha, mzigo ukiachwa nje uwanjani wakati joto liko chini ya sifuri, unaharibika hata kama mnyororo wa ubaridi ulilindwa tangu shambani. Waridi husafirishwa vizuri likiwa kati ya nyuzijoto 2 na 4, lakini halitakiwi kuganda. Ndizi na matoke ni dhaifu zaidi. Chini ya nyuzijoto 13 hivi, ganda huanza kuwa jeusi. Msafirishaji wa Entebbe anayechanganya matoke na maua chumba kimoja cha baridi atapoteza kimojawapo.

Machi hadi Mei: mwezi unaofanya utakavyo

Majira ya kuchipua huanza Machi kwa hesabu za watu wa hali ya hewa. Miti iliyokuwa mikavu kama kuni hutoa majani. Mashamba ya tulipu yaliyo nyuma ya pwani huwa mistari ya rangi nyekundu, njano na zambarau, na bustani ya Keukenhof iliyoko Lisse hufunguliwa kuanzia Machi hadi katikati ya Mei, ikiwa imepandwa matunguu yapatayo milioni 7.

Lakini anga halijatulia. Waholanzi wana msemo kuwa Aprili hufanya itakavyo. Asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, jioni theluji, kesho yake watu wamevaa fulana. Wakulima wa zamani hawapandi mboga laini nje mpaka zipite siku za "watakatifu wa barafu", kati ya tarehe 11 na 14 au 15 Mei. Hizo ni sikukuu za watakatifu kama Pankratius, Servatius na Bonifatius, ambazo mapokeo yanazihesabu kuwa mwisho wa hatari ya jalidi. Kwa mfanyabiashara wa mishiri, tarehe hizo ni ishara. Zikipita, maharage ya Ulaya yanaingia ardhini, na kuanzia Julai yatakuwa yanashindana na yako sokoni.

Bado kuna nafasi nzuri kabla ya hapo. Siku ya Mama nchini Uholanzi na Ujerumani ni Jumapili ya pili ya Mei. Uingereza huiadhimisha mapema, wakati wa Kwaresima, mara nyingi mwezi Machi na pengine mwanzoni mwa Aprili. Kuchanganya tarehe hizo mbili ni kosa la gharama: maua ya Mei kwa mteja wa London yatakuwa yamechelewa wiki nyingi.

Juni hadi Agosti: likizo ya mnunuzi

Mgeni hudhani kuwa joto na jua vinapokuja biashara ya maua itachangamka. Ukweli ni kinyume. Julai na Agosti, shule hufungwa kwa zamu katika kanda tatu za nchi, na familia huenda likizo. Asiyekuwepo nyumbani hanunui ua la mezani. Aliyebaki ana maua bustani kwake. Wakulima wa Ulaya nao huvuna wakati huo bila kulipia joto. Mahitaji yanashuka na bidhaa zinaongezeka.

Mboga ni hivyohivyo. Masoko hujaa maharage, nyanya, stroberi na viazi vipya vya hukohuko. Asparaga nyeupe, ambayo wao huithamini kama sisi tunavyothamini mahindi mabichi ya kwanza, huvunwa kuanzia Aprili na kwa desturi husimamishwa tarehe 24 Juni. Mwezi huohuo wa Juni heringi wapya huingia, na watu huwala kwenye vibanda vya barabarani, wabichi, wamewashika mkiani.

Parachichi lina hesabu yake. Kuanzia Mei hadi Agosti makontena ya Peru hufurika Rotterdam, na bei hubanwa. Kwa upande wetu, kwa miaka kadhaa mamlaka za Kenya zimekuwa zikisimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka ili kuzuia matunda machanga. Anayeuza parachichi lazima apime pande mbili: lini tunda lake limekomaa, na lini Mperu hayupo. Kuvuna changa ili kuwahi bei nzuri si njia. Tunda lisilokomaa husinyaa badala ya kuiva, na jina la nchi huharibika pamoja na la mfanyabiashara.

Julai na Agosti basi si miezi ya kuongeza mkopo kwa kutegemea maua. Ni miezi ya kukarabati, kupumzisha mashamba na kujiandaa.

Septemba hadi Novemba: majani yakianguka, simu hulia

Septemba wanavuna matufaha na mapeasi. Oktoba majani hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika mpaka njia za reli huwa na utelezi. Novemba ni mwezi wa ukungu, upepo na mvua. Jua hupungua kwa dakika kadhaa kila siku, nyumba huwashwa taa mapema, na watu hurudi kutaka rangi mezani.

Hapo soko huamka. Tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Wakatoliki wa Ubelgiji, Ufaransa na sehemu za Ujerumani hupeleka maua makaburini. Maharage ya nje ya Ulaya yanakwisha kwa baridi, na mnunuzi anaanza kutafuta ya Kirinyaga, Arusha na kwingineko. Dirisha hilo hubaki wazi hadi majira ya kuchipua.

Novemba pia ndiyo mwezi ambao wafanyabiashara wa maua duniani hukutana Uholanzi, kwenye maonyesho ya Aalsmeer na ya Vijfhuizen. Anayekwenda kwa mara ya kwanza asidanganywe na picha za tulipu. Atakuta nyuzijoto 5 hadi 10, upepo unaopindua mwavuli na jioni inayoingia mapema. Koti lisilopitisha maji, viatu vilivyofungwa na nguo za tabaka tabaka vitamfaa kuliko suti moja nzito.

Saa yao hubadilika, yetu haibadiliki

Kuna jambo dogo linalokosesha watu oda kila mwaka. Jumapili ya mwisho ya Machi, Waholanzi husogeza saa mbele kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma.

Kwa Kenya, Tanzania na Uganda, maana yake ni kwamba tunawatangulia kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo huwatangulia kwa saa moja wakati wa baridi, na wakati wa joto saa zao zinalingana kabisa. Lori likiwa na mzigo wa pamoja kutoka Kigali na Mbarara, ni vizuri kuandika saa ya nchi gani inatumika. Mnada hufanyika asubuhi, na mzigo uliochelewa hungoja kesho yake, ukiwa umezeeka siku moja zaidi.

Kalenda yenyewe inasogea

Majira haya hayajasimama mahali pamoja. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wastani wa joto nchini Uholanzi umepanda kwa zaidi ya nyuzijoto 2. Ushahidi ambao kila Mholanzi anaujua ni mbio za kuteleza kwenye barafu za Elfstedentocht, karibu kilomita 200 kupitia miji 11 ya Friesland. Haziruhusiwi mpaka barafu ya mifereji ifikie unene wa sentimita 15. Zilianza rasmi mwaka 1909. Mara ya mwisho zilifanyika tarehe 4 Januari 1997. Tangu hapo barafu haijakomaa vya kutosha, na kuna wazazi wa leo ambao hawajawahi kuziona.

Joto nalo limepanda. Tarehe 25 Julai 2019, kituo cha Gilze-Rijen kilipima nyuzijoto 40.7, rekodi ya nchi. Miaka ya 2018 na 2022 ukame ulishusha maji ya mto Rhine kiasi kwamba majahazi yanayobeba mizigo kutoka Rotterdam kwenda Ujerumani yalilazimika kupakia nusu au chini ya hapo. Julai 2021, mvua kubwa ilifurisha mkoa wa Limburg kusini.

Kwa nchi ambayo takriban robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, maji si mzaha. Usiku wa kuamkia 1 Februari 1953, dhoruba ilizivunja kuta za kuzuia bahari na kuua watu 1,836. Tangu hapo Waholanzi wamejenga mfumo mkubwa wa kuta na malango ya kuzuia bahari, na hawajaacha kuupima.

Kwa mfanyabiashara wa kwetu, majira ya kuchipua yakiwahi, tulipu na mboga za Ulaya nazo huwahi, na dirisha letu hufungwa mapema. Oktoba ikiwa ya joto, maharage yao huendelea kuvunwa na simu ya kwanza huchelewa. Kutazama utabiri wa Amsterdam kwenye simu kila wiki hakugharimu kitu, na kunaweza kukuzuia kukusanya tani ambazo hazina mnunuzi.

Hesabu ianzie mwisho

Mkulima wa kwetu huanza hesabu na mvua kisha hutafuta soko. Kwa soko la Uholanzi, anza na tarehe ya sokoni kisha urudi nyuma.

Waridi la 14 Februari lazima liwe Aalsmeer mwishoni mwa Januari na siku za mwanzo za Februari. Kwa safari ya ndege na maandalizi, toa siku kadhaa. Mmea wenyewe hukatwa ili uchipue upya karibu miezi miwili kabla. Kwa hiyo Wapendanao huanzia shambani mapema Desemba, wakati wengine wanapanga safari za Krismasi.

Mishiri ya Novemba, ambayo huchukua siku 45 hadi 60 tangu kupandwa, hupandwa Septemba. Wakati huo vuli hazijaanza, hivyo anayeitaka bei hiyo lazima awe na maji ya kumwagilia.

Parachichi la meli lihesabiwe kwa mwezi mzima baharini au zaidi. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, njia inayoongeza siku 10 hadi wiki mbili, na wakati mwingine zaidi. Kabla ya kumlipa mkulima malipo ya awali, muulize msafirishaji meli itapita wapi.

Na kila anayekusanya mzigo wa mpakani aweke ukutani kalenda moja yenye safu mbili: masika na vuli zetu upande huu, baridi na joto lao upande ule. Mahali ambapo mavuno yetu yanakutana na uhaba wao ndipo penye faida. Mahali ambapo mavuno yetu yanakutana na mavuno yao, hata ubora hauokoi bei.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mtu mmoja wa mpakani akikusanya mzigo wa Julai kwa kubahatisha, wanaokula hasara naye ni wakulima wa Usa River, vibarua wa kufunga maboksi na dereva aliyekesha Namanga. Dereva huyo ameshafanya sehemu yake kwa kuangalia karatasi, kipimo na saa. Kuangalia majira ni kazi ya aliyempakia mzigo.